Nitoke na 52 au ningoje 60?

*Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu pesa za uzeeni. Mwandishi alikuwa karani wa mishahara na pensheni katika ofisi ya elimu, na sasa anaishi Kisumu.*

Swali

Mama, pokea salamu nyingi kutoka Mbale, Vihiga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 52, na nimefanya kazi chini ya TSC, tume ya kuajiri walimu, miaka 28 kamili. Mwaka 2021 ulipoanza mfumo mpya wa kuchangia pensheni, mimi niliamua kubaki katika ule wa zamani. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 60,000. Nina mkopo wa Sacco uliobaki 800,000, ambao nitaumaliza baada ya miaka minne. Kitindamimba wangu yuko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Maseno.

Mama, nimechoka. Darasa langu lina watoto karibu 70, nina ugonjwa wa sukari, na miguu inawaka moto ikifika saa nane mchana. Mume wangu anasema nistaafu sasa hivi, tuchukue mkupuo, ile pesa ya pensheni inayolipwa mara moja, tujenge vyumba sita vya kupangisha kwenye ploti yetu karibu na soko. Fundi ametupigia hesabu ya 1,900,000, na kila chumba kitatoa 3,000 kwa mwezi. Wenzangu shuleni nao wanasema chukua chako mapema, kwa maana tumezika walimu wawili waliostaafu na hawakumaliza hata mwaka. Lakini mpwa wangu aliye Marekani ananionya kwamba ukiharakisha kudai unakatwa, na ukingoja unaongezewa. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?

*Mwalimu, Mbale*

Jibu

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nakushukuru kwa kuniandikia tarakimu zenyewe. Wengi huniambia wana "mkopo kidogo" na "mshahara wa kawaida", nami nabaki nikipapasa. Pole kwa miguu. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo zito kuliko yote uliyoandika, ingawa umelitaja kwa sentensi moja tu.

Nianze na la mpwa wako, maana linawachanganya wengi wenye jamaa ng'ambo. Anachosema ni kweli, ila ni kweli ya huko aliko. Marekani mtu anaweza kuanza kupokea malipo ya Social Security akiwa na miaka 62. Kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baadaye, malipo kamili hupatikana kwa anayeanza na miaka 67. Anayeanza na 62 hukatwa asilimia 30, na pengo hilo humfuata maisha yake yote. Anayepitisha 67 bila kudai huongezewa asilimia 8 kwa kila mwaka anaongoja, mpaka afike 70. Kwa hiyo huko mtu anaweza kuacha kazi leo, akala akiba nyingine, na malipo yake ya serikali yakaendelea kunenepa yeye akiwa amekaa nyumbani.

Kwetu haiko hivyo. Pensheni yako iko chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, na sheria hiyo inahesabu miezi uliyotumika. Miezi uliyokaa nyumbani ukingoja haihesabiwi. Ukishatoka kazini, kuchelewesha karatasi hakukuongezei hata senti. Kunakuchelewesha kula tu. Siku utakayostaafu, iwe mwaka huu au ukifika 60, karatasi zako ziwe tayari. Kwa hiyo acha kujiuliza udai lini. Jiulize uache kazi lini.

Sasa tuhesabu pamoja, chukua kalamu. Kila mwezi mmoja uliotumika unakupa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wako wa msingi wa mwaka, tena ule wa mwisho. Miaka 28 ni miezi 336. Mshahara wako wa mwaka ni 720,000. Zidisha kwa 336, gawanya kwa 480, unapata 504,000. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Robo yake, yaani 126,000, inazidishwa mara 20 na kuwa mkupuo wa 2,520,000. Robo tatu zinazobaki ni 378,000 kwa mwaka, na ukigawanya kwa 12 ni shilingi 31,500 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako.

Ukikaa mpaka 60, miezi inakuwa 432. Hata kama mshahara hautapanda shilingi moja, mkupuo utakuwa 3,240,000 na ya mwezi 40,500. Tofauti ni 720,000 kwenye mkupuo na 9,000 kila mwezi.

Nimeona watu wakiishia kwenye mkupuo. Naelewa kwa nini. Mtu aliyelipwa mwezi kwa mwezi miaka yote, akakatwa huku na huku, akiona milioni mbili na nusu zikiandikwa mbele ya jina lake, moyo unaruka. Nilipokuwa kazini niliwasomea walimu karatasi hizo, na macho yao yaliganda kwenye mstari wa juu. Ule wa chini, wa kila mwezi, wengi hawakuuliza. Lakini mstari wa chini ndio utakaonunua dawa yako ya sukari ukiwa na miaka 74. Mkupuo una wageni wengi: watoto, ndugu, harambee, fundi, daktari. Ya mwezi hata ikiisha tarehe 10, mwezi ujao inarudi.

Kwa hiyo mimi nikipima mpango wowote wa kustaafu mapema, napuuza kwanza mkupuo ni mkubwa kiasi gani, nauliza huo mkupuo utaziba pengo gani. Pengo lako ni hili: leo unapata msingi wa 60,000, kesho utapata 31,500. Zinapungua 28,500. Najua hizo 60,000 huzishiki zote, kuna kodi, kuna SHA ya matibabu, kuna ada ya nyumba. Lakini pia sijahesabu marupurupu ya nyumba na ya usafiri unayopata sasa, ambayo yatakwisha siku hiyo hiyo, wala bima ya matibabu ya walimu. Tuseme vinakaribiana. Ili familia yako isishuke, hivyo vyumba vinatakiwa kuzaa kama 28,500 kila mwezi. Vyumba sita kwa 3,000 ni 18,000. Na hiyo ni vikiwa vimejaa vyote, kila mpangaji amelipa tarehe tano, choo hakijaziba, na bati halijang'olewa na upepo. Mbale ni makao makuu ya kaunti, wapangaji wapo, sikatai. Lakini hata mambo yakienda sawa kabisa, bado umepungukiwa 10,500 kila mwezi.

Halafu kuna mkopo. Mume wako anahesabu 2,520,000 kana kwamba ni zenu zote. Siku mshahara unapokoma, makato ya Sacco nayo yanakoma, na Sacco haitakaa kimya. Itachukua akiba yako, na isipotosha itawarudia wadhamini wako, ambao ni walimu wenzako na wanasomesha watoto pia. Ukiwa mtu wa heshima, na barua yako inaonyesha hivyo, utalipa mwenyewe kutoka kwenye mkupuo. Toa 800,000, zinabaki 1,720,000. Fundi anataka 1,900,000, na mimi bado sijakutana na fundi aliyemaliza nyumba ndani ya hesabu yake ya kwanza. Kabla hujamwaga msingi tayari una deni, na kijana wa Maseno hajalipiwa muhula.

Umesema pia kuhusu wale walimu wawili mliowazika. Pole sana kwa msiba. Naelewa hofu hiyo, na sitaki kuipuuza, kwa sababu ndiyo inayosukuma watu wengi kutoka kabla ya wakati. Lakini tuiangalie kwa makini. Hofu yenyewe ni kwamba ukifa kabla ya kuchukua, serikali itakula jasho lako. Sivyo ilivyo kwenye mfumo wako. Mwalimu akifariki akiwa bado kazini, familia hulipwa kiinua mgongo cha kifo, na wategemezi hulipwa pensheni kwa miaka 5. Akifariki akiwa ameshastaafu, wategemezi hulipwa pensheni yake kwa miaka 5 tangu kifo. Kwa hiyo kuendelea kufanya kazi si kuiachia serikali jasho lako. Kinachowapotezea wajane na wagane pesa, nilivyoona mimi mezani, ni faili bovu, si tarehe ya kifo.

Kuna jambo lingine ambalo mume wako hajaliweka kwenye hesabu. Pensheni yako inatumia mshahara wa mwisho kwa miezi yote, hata ile ya zamani ulipokuwa ukilipwa kidogo. Ukipandishwa daraja mara moja tu, msingi ukawa 66,000, kisha ukastaafu na 56, hesabu inakuwa hivi: miezi 384, mkupuo 3,168,000, na kila mwezi 39,600. Tazama hiyo ya mwezi. Inakaribia kabisa ile ya 60 bila kupandishwa. Ndiyo maana kabla ya mwalimu yeyote kuandika barua ya kuacha kazi, namsihi aulize kwanza kama jina lake liko karibu kwenye orodha ya kupandishwa. Kuacha miezi michache kabla ya kupanda daraja ni hasara ambayo hairekebishiki.

Umeuliza ningefanyaje. Nisingetoka sasa. Wala nisingeapa kukaa mpaka 60. Ningeweka alama kwenye 56. Kwa nini 56? Kwa sababu mkopo utakuwa umeisha, kijana atakuwa amemaliza au anakaribia, na mkupuo, hata bila kupandishwa daraja, utakuwa 2,880,000, usio na mdai hata mmoja. Ya mwezi itakuwa 36,000. Pengo kati ya mshahara na pensheni litakuwa 24,000, na hapo vyumba sita vya mume wako vinaanza kuwa na maana, kwa sababu vitajengwa kwa pesa ambayo ni yenu kweli. Kama mnataka kuanza mapema, jengeni chumba kimoja au viwili kwa akiba ya chama, mwone wapangaji wa Mbale wanalipaje. Hilo litawafundisha mengi kuliko mimi.

Sasa miguu. Nimeshaongea juu ya pesa kana kwamba mwili wako ni mashine, na haiwezekani. Miguu kuwaka moto kwa mtu mwenye sukari si uchovu wa darasa pekee. Nenda ukaonane na daktari wiki hii, wala usingoje likizo, uangaliwe mishipa ya fahamu ya miguu na vidonda. Tena ufanye hivyo ukiwa bado una bima ya kazini. Muombe mwalimu mkuu kwa maandishi akupangie vipindi vya mchana vichache, au darasa lisilo na ngazi. Na ujue kwamba, mwili ukikataa kabisa, ipo njia ya kustaafu kwa sababu za afya kupitia bodi ya madaktari, katika umri wowote. Njia hiyo ni tofauti na kuandika barua ya kujitoa mwenyewe. Ukiandika barua ya kujitoa leo halafu mwaka kesho ukashindwa kutembea, huwezi kurudi nyuma useme ilikuwa afya. Kwa hiyo matibabu yako yaandikwe, na kila karatasi ya hospitali uihifadhi.

Nimetaja faili bovu, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho nilichokifanya maishani na najua kinavyoumiza. Leo jioni, fungua lile sanduku la karatasi zako. Tafuta barua ya kwanza ya ajira, ile ya miaka 28 iliyopita, ambayo pengine imekunjwa mara nne na mikunjo yake imeanza kukatika. Ipo? Tafuta barua ya kuthibitishwa kazini. Hiyo ndiyo hupotea zaidi, kwa sababu ilipofika mtu alikuwa ameshazoea kazi na hakuiona kuwa na maana. Ziweke mezani pamoja na kitambulisho, cheti cha PIN na kadi ya benki. Sasa soma jina, herufi kwa herufi. Wanawake wengi wa huku kwetu waliajiriwa kwa jina la baba, kisha wakabadilisha kitambulisho kikawa na jina la mume, na benki nayo ikaandika majina matatu kwa mpangilio wake. Kwako unajua ni mtu mmoja. Kwa karani wa Hazina Kuu kule Nairobi, aliye na rundo la faili mbele yake, hao ni watu watatu. Nimeona mama mmoja akija ofisini na mwavuli msimu baada ya msimu kwa sababu ya herufi moja tu, "h" iliyoongezwa na mtu wa usajili. Hati ya kiapo mbele ya wakili ingemaliza jambo hilo miaka kadhaa kabla. Wewe una muda, itengeneze sasa.

Na waandike wategemezi wako upya. Kama fomu uliyojaza ulipoajiriwa ina jina la mama yako tu, na mama ameshatangulia, mume na watoto watahangaika.

Moja la mwisho kwako: walimu wenzako waliokuwa chini ya miaka 45 mwaka 2021 wasiitumie hesabu hii. Wao waliingizwa kwenye mfumo wa kuchangia, ambapo mwalimu hukatwa asilimia 7.5 na serikali huweka asilimia 15, na kitakacholipwa kinategemea kilichochangwa na faida yake. Huko hakuna 480. Wakitaka, waniandikie.

Swali

Habari Mama. Nafanya kazi katika shamba la maua Naivasha, karibu miaka 20 sasa. Mshahara wangu ni 15,000. Mwaka huu nafikisha miaka 50 na wenzangu wanasema nikifika 50 naweza kwenda NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, nichukue pesa zangu zote. Nataka niache kazi nichukue, nifungue duka la mboga na mitumba. Ni kweli? Na nitapata ngapi?

*Dada wa Naivasha*

Jibu

Dada yangu, nusu yake ni kweli. Umri wa kawaida wa kulipwa NSSF ni miaka 60. Ukiwa na 50 unaweza kudai mapema, lakini ni kwa sharti kwamba umeacha kazi ya kuajiriwa. Kufika 50 peke yake hakufungui mlango. Kwa hiyo unachofikiria ni kuacha mshahara ili ufikie akiba, na ndiyo maana naomba uangalie akiba yenyewe kwanza.

Kwa miaka mingi ulikuwa unakatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri naye anaweka 200. Jumla 400. Kwa mwaka ni 4,800. Hata kama ungekatwa hivyo miaka 20 mfululizo bila mwezi kurukwa, hiyo ni 96,000 kabla ya riba. Hiyo ndiyo sababu watu waliochukua zamani wanalalamika kwamba NSSF haina kitu.

Lakini mambo yalibadilika. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani miaka mingi, na Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu ianze kutumika. Sasa unakatwa asilimia 6, na mwajiri anaweka asilimia 6 juu yake. Kwa mshahara wa 15,000, wewe 900, mwajiri 900. Jumla 1,800 kwa mwezi, 21,600 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa sasa unaingiza zaidi ya miaka minne ya zamani. Ukifanya kazi miaka 10 zaidi kwa mshahara huo huo, utaongeza 216,000 kabla ya riba, zaidi ya mara mbili ya zile 96,000 za hesabu ya zamani. Unataka kutoka shambani wakati ndipo mfuko unaanza kujaa, tena nusu ya pesa hizo zinatoka kwa mwajiri. Duka la mboga halina mwajiri wa kukuwekea 900.

Na usihesabu kwamba utachukua zote mara moja. Zile za zamani hulipwa kwa mkupuo. Lakini zile za sheria mpya ni pensheni: sehemu ya hadi theluthi moja ndiyo huchukuliwa kwa mkupuo, na iliyobaki hupangwa kulipwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ukae kazini, isipokuwa afya au kazi yenyewe ikukatae. Duka anza na mtu wa kulishika, dada au binti, kwa pesa ya chama, ukiwa bado unakatwa. Na ikitokea shamba likipunguza watu ukabaki nje kabla ya 60, usikimbilie kudai siku hiyo hiyo kama una namna ya kula. Tofauti na pensheni ya mwalimu hapo juu, pesa za NSSF zikikaa zinaendelea kupata riba kila mwaka. Unaweza pia kuendelea kuweka mwenyewe kidogo kidogo kupitia mpango wa Haba Haba.

Kitu cha kufanya mwezi huu: nenda ofisi ya NSSF ya Naivasha au kituo cha Huduma, uombe taarifa ya akaunti yako tangu mwanzo. Isome mwezi kwa mwezi. Linganisha na hati zako za mshahara. Kuna waajiri waliokata na wasiwasilishe, na wengine waliwasilisha kwa namba isiyo yako. Ukikuta miezi mitupu, usiseme "wacha iende". Peleka nakala za hati za mshahara, maana bila hizo neno lako litabaki neno. Na kama uliwahi kuandikishwa mara mbili, kazi ya kwanza ukapewa namba moja na shamba hili likakupa nyingine, omba ziunganishwe. Hilo likibaki mpaka siku ya kudai, utalipwa ya namba moja, na ile nyingine itabaki huko ikikusubiri bila mwenyewe kujua.

Swali

Mama, baba yangu ni fundi wa baiskeli hapa Ugunja, hajawahi kuajiriwa. Anatimiza 66. Jirani anamwambia pesa za wazee za serikali zinaanza 65, kwa hiyo ameshachelewa. Mwingine anasema 70. Nani anasema kweli?

*Kijana wa Ugunja*

Jibu

Wote wawili wana chao, mwanangu. Mpango wa kwanza wa kuwapa wazee pesa ulilenga wenye miaka 65 na zaidi katika familia maskini sana zilizochaguliwa. Ule wa Inua Jamii wa wazee wote, ulioanza mwaka 2018, ni wa miaka 70 na kuendelea. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hayawahusu wanaopokea pensheni. Baba yako hajachelewa.

Ila kutimiza 70 hakumwingizi mtu kwenye orodha moja kwa moja. Lazima aandikishwe, na uandikishaji hufanyika kwa awamu kupitia ofisi ya chifu na naibu wake. Kwa hiyo wewe kijana ndiye wa kuuliza huko mara kwa mara mwaka wake ukikaribia. Kabla ya hapo, angalia mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho chake. Wazee wengi wa rika lake walikadiriwa umri na karani wa usajili, na kama kitambulisho kinasema ana 60, serikali itamngoja mpaka hicho kitambulisho kifike 70. Kama kuna cheti cha ubatizo au kadi ya shule yenye mwaka sahihi, peleka ofisi ya usajili wa watu Ugunja uulize marekebisho yanafanywaje, na ukipewa stakabadhi uitunze wewe, asiiweke baba kwenye sanduku la spana.